Picha ya Mkimbizi Ina Mwenyewe

Mkimbizi aliyevuka mipaka miwili au mitatu hata akafika Dzaleka huwa ameacha nyuma nyumba, shamba, mifugo, na mara nyingi hata vyeti vyake vya shule. Sura yake amekuja nayo. Nayo sura hiyo imekuwa ikichukuliwa. Mgeni huja asubuhi na kamera, akawapiga picha watoto bombani na akina mama katika foleni ya chakula, akarudi Lilongwe kabla ya jua kuchwa, na usiku huohuo picha zimekwisha kuingia katika mtandao wa intaneti. Humo yeyote mwenye simu aweza kuzichukua, kuzikata, kuzibandika maneno mengine, na kuzitumia kuombea fedha, kuuzia bidhaa au kuupa uongo sura ya ukweli. Aliyepigwa picha hana habari, na fedha zikipatikana hazimfikii.

Makazi ya Dzaleka yako katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Zama za utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walitiwa humo. Mwaka 1994 ndipo palipogeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000, nao waliopo sasa wamepita 50,000, wengi wao wakiwa watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali. Kiswahili kinasikika sokoni, makanisani na misikitini, hata katika redio ya hapohapo iitwayo Yetu. Tangu mwaka 2014 kuna pia Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo, Menes la Plume, ambaye yeye mwenyewe alipata kuishi hapo akiwa mkimbizi. Tamasha hilo huwavuta maelfu ya wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali. Ni jambo jema na la kusifiwa, lakini kila mgeni ana simu, na kila simu ina kamera.

Yafaa ieleweke kwamba kwa mkimbizi suala hili halikomei kwenye heshima na fedha. Wamo Dzaleka watu waliokimbia mikono ya wanaowajua kwa majina. Picha moja yenye uso wa mtu, na nyuma yake kibao cha shule au ukuta wa zahanati unaotambulikana, yatosha kumwambia adui ni wapi pa kumtafuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika eneo hilo haukutokea Dzaleka yenyewe. Ulitokea Njewa, kijiji kilicho pembezoni mwa Lilongwe. Mwezi Februari 2020 ilizuka katika mitandao ya Kichina video fupi ya watoto wa Kiafrika waliopangwa mbele ya ubao, wakiimba kwa furaha maneno ya Kichina ambayo wao wenyewe hawakuyafahamu. Maneno hayo yaliwatukana wao na rangi yao, na kusema kwamba akili zao ni haba. Watu walioiona walikasirika, lakini hakuna aliyejua watoto hao ni wa nchi gani, wala nani aliyesimama nyuma ya kamera.

Waandishi wa habari wa BBC, Runako Celina na Henry Mhango, huyu wa pili akiwa Mmalawi, waliifuatilia video hiyo. Kazi yao yastahili kutazamwa kwa makini na kila mtu anayetaka kujua jinsi picha inavyofuatwa nyayo. Walitazama miti, nyumba, mapaa na vijia vilivyoonekana nyuma ya watoto, wakavilinganisha na picha zilizopigwa kutoka angani na setilaiti, hata wakafika Njewa. Hapo walikuta kwamba Mchina mmoja, Lu Ke, alikuwa akiwapiga watoto hao picha za video kila siku na kuziuza kwa watu wa kwao waliotaka salamu za kuchekesha za siku ya kuzaliwa au ya harusi. Video moja iliweza kufika dola 70. Mtoto alipata kama nusu dola kwa siku. Lu Ke alikana kuitengeneza ile video ya matusi.

Filamu ya BBC ilitolewa Juni 2022. Lu Ke alikimbilia Zambia. Alikamatwa Chipata mwezi huohuo, na Julai akarudishwa Malawi. Mwaka 2023 mahakama ya Lilongwe ilimtia hatiani. Alilipa kwacha milioni 16 na akaamriwa aondoke nchini. Wapo waliosema kwamba adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno, nami ni mmoja wao. Hata hivyo kesi yenyewe ilionyesha jambo ambalo wengi hawakulisadiki, kwamba picha iliyovuka bahari na kuingia katika lugha nyingine yaweza kurudishwa hadi mlango wa nyumba ilimopigwa.

Katika kisa cha Njewa nia ya mpigaji ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Yako makosa ya namna nyingine, yafanywayo na watu wenye huruma. Mwaka 2014, baada ya wasichana wa Chibok kutekwa nchini Nigeria, ulimwengu mzima ulitangaziwa picha za wasichana wenye macho ya huzuni. Picha hizo zilikuwa za mpiga picha Mmarekani, Ami Vitale, naye alikuwa amezipiga miaka ya nyuma huko Guinea-Bissau. Wasichana wale hawakutekwa na mtu, hawakuwa Wanigeria, na hakuna aliyewaomba ruhusa wao wala mpiga picha. Waliozisambaza waliona wanatenda wema. Wala tusidhani kwamba mchezo huu ulianza na intaneti. Karne moja na zaidi iliyopita, wapiga picha wa Unguja, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza postikadi za watu wa pwani. Aghalabu chini ya sura ya mama wa watu pakaandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili, na jina lake likapotea hata leo.

Sasa basi, mtu afanyeje kujua picha yake imefika wapi? Kuna mitambo ya kutafuta kwa picha badala ya maneno. TinEye ya Toronto, Kanada, ilianza mwaka 2008. Google ikafuata mwaka 2011. Mtafutaji huupa mtambo picha yake, nao humwonyesha kurasa ambamo picha hiyo, au inayofanana nayo, imeonekana. Namna moja ya kazi hiyo si ya ajabu sana. Kompyuta huipunguza picha hata ikawa vijisanduku vichache, tuseme 8 kwa 8, hukitazama kila kijisanduku kama ni cheupe au cheusi kuliko wastani, na kuandika jibu kwa tarakimu. Tarakimu hizo 64 huwa kama alama ya kidole. Picha ikipunguzwa ukubwa au ikififizwa rangi, alama hiyo hubadilika kidogo tu, na mtambo huitambua. Lakini ikigeuzwa kushoto kuwa kulia, kama inavyoonekana katika kioo, au ikikatwa nusu, namna hii rahisi hudanganyika, na wezi wenye ujuzi walijua hilo zamani.

Kwa sababu hiyo mtafutaji hodari hatosheki na kutafuta mara moja. Huigeuza picha yeye mwenyewe na kutafuta tena. Hukata kipande kimoja kisicho na mfano, labda ua la kitenge, maandishi ya kibao, au namna tofali zilivyopangwa dirishani, akakitafuta peke yake. TinEye huweza kumpangia majibu kuanzia la kale zaidi, jambo lisaidialo kujua nani alitangulia. Lakini tarehe ile ni siku ambayo mtambo uliiona picha. Siku iliyochapishwa yaweza kuwa ya kabla ya hapo. Zaidi ya hayo, mitambo hii haioni ndani ya makundi ya WhatsApp wala kurasa zilizofungwa, na humo ndimo picha nyingi za Afrika ya Mashariki zinamozunguka.

Ipo pia mitambo itafutayo sura ya mtu badala ya picha. Nao ni upanga wenye makali mawili, kwani kama mkimbizi aweza kujitafuta humo, anayemwinda naye aweza. Singemshauri kijana wa Dzaleka autie uso wa mamaye katika mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya udadisi tu.

Kwa vijana wapiga picha wanaoishi kambini hatari ni ya aina nyingine, maana wao ndio waibiwao kazi ya mikono yao. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha inapotoka katika kamera hubeba ndani yake tarehe, saa na aina ya kamera. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa na maelezo hayo hufutwa. Ikitumwa kama faili la waraka hubaki kama ilivyokuwa. Basi mwenye nakala ya asili, kubwa na yenye maelezo yake, ana ushahidi ambao mwizi hawezi kuuonyesha. Ila asisahau kwamba maelezo hayo yaweza pia kuwa na mahali ilipopigwa, na kwa mtu aliyejificha hilo ni la kufutwa kabla ya kumpa mwingine.

Tukija kwenye sheria, kuna haki mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyebonyeza kamera, na huko Malawi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2016, chini ya chama cha COSOMA chenye makao yake Lilongwe. Aliyepigwa picha hana hakimiliki hiyo. Haki yake hutoka upande mwingine, yaani ulinzi wa taarifa binafsi, kwa kuwa sura itambulishayo mtu ni taarifa yake. Malawi imepata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024, na mamlaka ya mawasiliano, MACRA, ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Tanzania ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kwamba sheria hizi zaweza kuuma, Kenya imekwisha kuonyesha. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Baa ya Casa Vera ya Nairobi nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Mteja wa baa amelindwa. Je, mama aliyesimama foleni ya unga atasemewa na nani?

Maana hapa ndipo penye uzito. Kampuni kubwa za mitandao nyingi ni za Marekani, na sheria ya huko ya mwaka 1998 humruhusu mwenye hakimiliki kuandika barua ya kutaka picha yake iondolewe. Barua hiyo yataka jina, anwani na sahihi, na aghalabu kampuni humpelekea mshitakiwa maelezo ya mlalamikaji. Nyingine huziweka barua hizo katika hifadhi inayosomwa na watu wote. Kwa mfanyabiashara wa mjini hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu aliyekimbia ni kumpa asiyemjua anwani yake. Sheria hiyohiyo yakubali mwakilishi aandike kwa niaba ya mwenyewe, na njia hiyo ndiyo ingefaa Dzaleka, endapo kungekuwa na chombo kilicho tayari kutia sahihi.

Tena mlalamikaji hawezi kusafiri atakavyo. Malawi, ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti kuhusu uhuru wa kutembea na wa kufanya kazi. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi walianza kuwakamata Lilongwe, wakafungiwa maduka yao. Kumwambia mtu wa namna hiyo aende mjini kupeleka malalamiko ofisini kwa sababu ya picha ni kumkejeli.

Yapo yanayoweza kufanyika bila gharama kubwa. Tamasha la Tumaini laweza kuwapa wageni karatasi moja ya masharti ya kupiga picha, kwa Kiingereza, Kichewa na Kiswahili. Redio Yetu yaweza kueleza kwa nusu saa jinsi ya kutafuta kwa picha. COSOMA na MACRA zaweza kumpeleka mtumishi mmoja kambini mara moja kwa mwezi, akapokea malalamiko na kuyatilia sahihi kwa jina la ofisi badala ya jina la mkimbizi. Kutoka Lilongwe mpaka Dzaleka ni safari ya kama saa moja kwa gari, na mtumishi huyo hahitaji kibali cha kutoka kambini.