Kizibo Kwenye Shingo ya Saksafoni

Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam kipimajoto hupanda hadi nyuzi 32 na kupita, na jua likizama joto haliondoki upesi. Mpiga saksafoni anayepanda jukwaani Kinondoni, au aliyesimama nyuma ya pikapu ya matarumbeta inayomsindikiza bibi harusi kutoka Temeke hadi Mbagala, hugundua kwamba ala yake imepanda sauti. Hajakosea kitu. Hewa iliyo ndani ya bomba ndiyo iliyobadilika.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Kwenye nyuzi 32 inakaribia mita 351. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 2, nalo linatosha kupandisha noti kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Pumzi ya mpigaji huwa na joto lake tayari, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hesabu hiyo, lakini sikio lililozoea muziki hulitambua jambo hilo mara moja. Kinanda cha umeme kilicho pembeni hakijui habari za joto. Noti yake ya La inabaki herizi 440. Anayepaswa kushuka ni saksafoni. Basi mpigaji anashika kipande cha mdomo, anakizungusha, anakivuta nje milimita kadhaa ili bomba lirefuke, na ala zinakubaliana.

Kinachomwezesha kufanya hivyo ni tabaka la kizibo lenye unene wa kama milimita 2, lililozungushwa kwenye ncha ya shingo ya saksafoni. Ni gome lile lile linalozibia chupa za divai. Likiwa zima, kipande cha mdomo husogea kwa kukaza kidogo na kukaa pale kilipoachwa. Likichakaa, kipande hicho hucheza, hewa huvuja, na noti za chini ndizo hutangulia kukataa. Katika jiji la joto, ambako kipande cha mdomo huvutwa nje kila onyesho, uzito wote unashikwa na ncha ya mbele ya kizibo, na sehemu hiyo huliwa kabla ya nyingine.

Saksafoni, aliyoisajili Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, imetengenezwa kwa shaba lakini inahesabiwa pamoja na klarineti na obo, kwa kuwa sauti yake huanzia kwenye ridi ya mwanzi inayotikisika mdomoni. Dar es Salaam inaifahamu vizuri. Bendi za dansi zilizojenga jina la jiji, kuanzia NUTA Jazz ya mwaka 1964 ambayo leo ni Msondo Ngoma hadi DDC Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, zilisimama kwa magitaa na safu ya matarumbeta na saksafoni. Klarineti nazo zimo kwenye bendi za gwaride. Shingo ya saksafoni ina kizibo kimoja kikubwa. Klarineti ina vinne, kila kimoja kwenye kiungo ambacho seremala angekiita ulimi, kile kinachoingia ndani ya tundu la kipande kinachofuata.

Na klarineti nzuri ina undugu na Tanzania kuliko wengi wanavyofikiri. Mwili wake mweusi kwa kawaida ni mpingo, mti uleule ambao wachongaji wa Mwenge, wilayani Kinondoni, huufanyia vinyago. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na nyuzi zake zimeshikana sana hivi kwamba tundu likitobolewa hubaki na ukingo safi kama wa chuma. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, ikisaidiwa na shirika la MCDI, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, na mpingo wa aina hiyo unatafutwa na watengenezaji wa ala huko Ulaya. Kizibo kinatoka upande mwingine kabisa: ni gome la mwaloni wa kizibo, na takriban nusu ya kizibo chote duniani huvunwa Ureno. Mti haukatwi. Gome huchunwa mara ya kwanza mti ukifikia miaka kama 25, kisha huachwa angalau miaka 9 liote tena.

Kwa nini gome hilo na si raba, ambayo ipo kila duka la spea? Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo na kukitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vidogo vilivyopangana, na hivyo ndivyo seli zilivyopata kuelezwa na kupewa jina kwa mara ya kwanza. Sentimita moja ya ujazo ya kizibo ina seli kama milioni 40. Zimekufa, zimejaa hewa, na kuta zake zimepakwa nta ya asili isiyopitisha maji. Ukikibana kizibo, kuta hizo hujikunja na hewa ya ndani inashindiliwa; ukikiachia, zinajikunjua.

Faida kubwa zaidi inaonekana ukilinganisha na raba. Raba ikibanwa juu hutanuka pembeni, maana ujazo wake haupungui. Kizibo kikibanwa karibu hakitanuki pembeni hata kidogo. Ulimi wenye raba ukisukumwa ndani ya tundu, raba ingejikusanya mbele na kukwama. Kizibo hujibana palepale kilipo na kuacha kiungo kiteleze. Zaidi ya hayo, mpingo huvuta unyevu wa pumzi na kuvimba zaidi upande mmoja wa nyuzi kuliko mwingine, hivyo duara la ulimi hugeuka kuwa yai, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kizibo hufunika tofauti hiyo bila kumuuliza mtu. Hadi leo viwanda vya ala havijakiacha.

Kukibadilisha ni kazi ya nyumbani, na inastahili kufahamika zaidi. Vifaa karibu vyote vinapatikana kwa fundi viatu na duka la vifaa vya ujenzi: wembe mpya, msasa, na gundi ya viatu, ile ya njano inayopakwa pande zote mbili. Kigumu kupata ni karatasi ya kizibo chenyewe. Inafaa iwe na unene wa milimita 1.6 kwa klarineti na 2 kwa shingo ya saksafoni, na mara nyingi itabidi iagizwe. Wapo wanaojaribu kukata kizibo cha chupa, lakini urefu wa kizibo hicho ni milimita 45 hivi, ilhali mzingo wa ulimi wa klarineti unakaribia 70, na kila mshono wa ziada ni njia ya hewa. Gasketi za chengachenga za kizibo zinazouzwa pamoja na spea za magari nazo huvunjika zikikunjwa kwenye duara dogo.

Kazi inaanza kwa kukwangua kizibo cha zamani na gundi yake mpaka mti au shaba vionekane. Spiriti huondoa mabaki. Asetoni isiguse klarineti ya plastiki, kwa sababu huiyeyusha. Kisha ukanda wa karatasi ya kawaida unazungushwa kwenye ulimi kupima mzingo, inaongezwa milimita 5, na kizibo kinakatwa kwa upana wa mfereji uliochongwa kwenye ulimi. Ncha moja inanyolewa mteremko mpaka iwe nyembamba kabisa; ncha ya pili itailalia, na hapo hakutakuwa na nafasi ya hewa kupenya.

Gundi inapakwa kwenye ulimi, upande wa ndani wa kizibo, na juu ya ule mteremko. Halafu inasubiriwa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa gundi hii haishiki ikiwa mbichi. Inashika pale kimiminika chake kinapokuwa kimeruka na kidole kikiigusa hakinasi. Pwani kuna jambo la ziada. Kimiminika kinaporuka hupoza uso wa gundi, na hewa yenye unyevu mwingi huacha umande mwembamba juu yake. Gundi hupauka na kukataa kushikana. Asubuhi na mapema na usiku, unyevu ukiwa juu, ni saa mbaya kwa kazi hii. Alasiri ni bora. Madirisha yawe wazi, na jiko la mkaa liwe mbali, maana mvuke wa gundi hiyo hushika moto na ukivutwa huumiza kichwa.

Pande mbili zikishagusana hakuna kurekebisha. Kizibo kinalazwa kuanzia ncha ya mteremko, kinavutwa kidogo huku kikizungushwa, kisha kinakandamizwa kwa kidole gumba mzunguko mzima. Kikilala salama usiku kucha, msasa unafuata: kwanza namba 120, kisha 240, ukanda ukivutwa kwa mikono miwili kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu, na ala ikigeuzwa kila mara ili duara lisipotee. Ukingo wa mti ufunikwe kwa utepe wa karatasi. Kipimo kifanyike mara nyingi, kwa kuwa kizibo kilichopunguzwa kupita kiasi hakirudi. Kinachotafutwa ni kiungo kinachoingia kwa kuzungushwa, kikikaza bila kulazimishwa. Kulazimisha kunaweza kupasua tundu la mpingo, na huo ni uharibifu wa aina nyingine kabisa.

Mafuta ya kulainishia yanahitaji uangalifu. Mafuta ya mgando yapo kila nyumba, na huteleza vizuri, lakini mafundi wa ala wanaonya kwamba mafuta yatokanayo na petroli hudhoofisha kizibo na gundi yake polepole. Mchanganyiko wa zamani ni nta ya nyuki na mafuta ya mnyama yaliyosafishwa. Nchi inayovuna nta ya nyuki Tabora haina haja ya kuagiza kopo la mafuta hayo kutoka nje.

Kabla ya kizibo kuenea katika karne ya 19, mafundi walizungushia viungo uzi uliopakwa nta, na baadhi ya wapiga fagoti, ile ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito, wanatumia uzi hadi sasa. Kwa bendi iliyokwama Jumamosi saa kumi jioni, harusi ikisubiri, uzi wa pamba na nta au utepe mweupe wa mafundi bomba hutosha kuvusha usiku. Ufunguliwe kesho yake, kwa sababu uzi uliokazwa na kuachwa miaka hubana ulimi wenyewe na kubadilisha tundu la ndani.

Kujua kama kazi imefanikiwa hakuhitaji mashine. Vipande viwili vya klarineti vinaunganishwa, matundu yote yanafunikwa kwa vidole, mwisho wa chini unazibwa kwa kukandamizwa kwenye paja, na hewa inavutwa kwa mdomo. Mvuto ukikaa sekunde kadhaa, viungo na pedi zinazofunika matundu chini ya funguo ni vizima. Ukipotea papo hapo, kila kipande kinapimwa peke yake. Kama vyote viwili vinashika na vikiunganishwa vinavuja, kasoro iko kwenye kizibo cha katikati.

Anayeanza aanze na shingo ya saksafoni, yenye nafasi kubwa na isiyo na mitambo mingi karibu. Kizibo cha katikati cha klarineti kisubiri hadi mkono uzoee, kwa kuwa juu yake panapita kiunganishi chembamba cha funguo kinachopaswa kukaa mahali pake hasa, na kiungo kikilegea au kikikaza mno, kiunganishi hicho ndicho hupinda. Onyesho likiisha, vipande vitenganishwe na kukaushwa ndani. Kizibo kinachoachwa siku nyingi kimebanwa ndani ya tundu husahau umbo lake, na kazi yote hurudi mwanzo mapema kuliko inavyostahili.