Mururu: Lala Kando ya Maji, Hesabu Kesho

Mfanyabiashara anayevuka kati ya Rusizi na Bukavu hushika faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola siku hiyo hiyo. Jioni akichoka, ndipo chenji inapopotea.

Ndiyo maana usiku mmoja wa utulivu Mururu si anasa ya watalii peke yao. Nyumba ndogo ya mbao kando ya maji yatosha ikiwa na kitanda kizuri, chandarua, meza na dirisha pana. Usitafute televisheni, fungua dirisha. Mbele yako Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika, na ng'ambo ni Kongo.

Mto huo ni mpaka, lakini pia ni mali ya pamoja: kituo cha umeme cha Rusizi II, kilichokamilika 1989, ni cha Rwanda, Burundi na Kongo.

Kabla ya kulipa, uliza kama chai ya asubuhi imo katika bei na mzigo utalala wapi. Kisha zima simu. Soko litakungoja, akili iliyopumzika ni mtaji usiotozwa ushuru.