Fahamu: Kuchagua umbo lililofichwa katika Inkscape

Anayesanifu kanga kwa kompyuta, awe Kariakoo au Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, huikuta kero hii: anataka ua lililo chini, programu inashika korosho iliyo juu.

Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, ina dawa. Shikilia Alt ukibofya, nayo inachagua kilichofunikwa. Ukibofya tena, unashuka hadi umbo jingine. Ctrl huchagua umbo lililo ndani ya kundi bila kulivunja kundi lenyewe. Shift huongeza umbo kwenye yaliyochaguliwa tayari.

Ukiburuta kipanya kuanzia mahali patupu, huchaguliwa maumbo yaliyozingirwa kikamilifu tu. Kama hakuna kilichochaguliwa tayari, buruta na Alt: kila kinachoguswa kinaingia. Watumiaji wa Linux wajihadhari. Mara nyingine Alt hunaswa na mfumo, likasogea dirisha zima.