Kasoro za Hoja na Kazi ya Maneno

Neno mantiki tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo limekaa vema katika Kiswahili hata hakuna haja ya kulieleza tena. Lakini majina ya makosa yatendwayo dhidi ya mantiki hayajatulia. Mfasiri mmoja huandika "hoja potofu", mwingine "uwongo wa hoja", wa tatu "hoja ghalati", na wako wanaokimbilia "ghiliba", kana kwamba kila akoseaye katika kufikiri amekusudia kulaghai watu. Katika makala haya tunakusudia kueleza makosa hayo ni ya namna gani, na kuonyesha kwamba mengi huingia kwa mlango wa lugha. Kwa hiyo yanawahusu wafasiri, walimu na waandishi wa taarifa za serikali zaidi ya wanavyodhani.

Jambo hili si geni. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi kati ya 384 na 322 K.K., alitaja makosa 13 ya hoja, akayagawa mafungu mawili: 6 yatokanayo na maneno yenyewe, na 7 yasiyotokana na maneno. Takriban nusu nzima, basi, aliiweka mikononi mwa watu wa lugha.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo huchanganywa. Hoja kuwa na kasoro si sawa na hitimisho lake kuwa la uwongo. Tuchukue mfano huu: samaki wote huishi majini; papa huishi majini; kwa hiyo papa ni samaki. Hitimisho ni kweli, na kila mvuvi atalikubali. Lakini hoja ni mbovu, maana ukiliondoa neno papa na kuweka nyangumi, njia ni ile ile nawe utakuwa umemfanya mnyama anyonyeshaye kuwa samaki. Kwa sababu hii sisi tunalipendelea jina "kasoro ya hoja". "Hoja potofu" humfanya msomaji adhani kwamba lililohitimishwa limekwisha kukanushwa, hali kilichokanushwa ni njia tu iliyopitiwa.

Kasoro iliyo karibu zaidi na kazi ya istilahi ni ile ya neno moja kubeba maana mbili katika hoja moja. Neno uzito katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya kile kinachopimwa dukani kwa kilo, na pia nguvu ambayo ardhi inavuta kitu. Mwanafunzi husikia kwamba uzito wa jiwe ni wingi wa maada iliyomo. Kisha husikia kwamba jiwe hilo likipelekwa mwezini uzito wake hupungua hata kuwa kama sehemu moja ya sita. Akiunganisha kauli hizi mbili, hana budi kuhitimisha kwamba maada imepotea njiani. Mtoto huyu hana upungufu wa akili. Amefuata maneno aliyopewa. Istilahi tungamo, inayotaja wingi wa maada peke yake, ndiyo iliyomwokoa: tungamo la jiwe halibadiliki, uzito ndio ubadilikao. Mwalimu anayeliona tungamo kuwa neno la kujitafutia makuu, na kuendelea na uzito kwa yote mawili, anaurudisha mtego uliokwisha kuteguliwa.

Kasoro ya pili haimo katika neno bali katika muundo wa sentensi, nayo ni hatari hasa kwa kuwa haionekani. Taarifa ya ofisi husema: "Wajumbe wote hawakuhudhuria mkutano." Je, hakuhudhuria hata mmoja, au walihudhuria baadhi tu? Kiswahili huweka ukanushi ndani ya kitenzi, na sentensi hii huweza kusomwa kwa namna zote mbili. Tuseme kwamba wajumbe ni 40, na waliokosekana ni 12. Mwandishi alikusudia kusema kwamba mahudhurio hayakutimia. Msomaji wa pili, ambaye hakuwapo, anafahamu kwamba hapakuwa na mtu; anahitimisha kwamba akidi haikufika na maamuzi ya siku ile ni batili. Kila hatua ya fikira yake ni sawa. Ila alianzia mahali ambapo mwandishi hakuwapo. Dawa yake ni rahisi mno. Wakikosekana baadhi, iandikwe "Si wajumbe wote waliohudhuria", na ni bora zaidi idadi ikitajwa, wakikosekana wote, iandikwe "Hakuna mjumbe hata mmoja aliyehudhuria." Mfasiri akikuta utata wa namna hii katika matini ya asili, asiuvuke kwa kubahatisha, na amwulize mwenye matini. Neno "au" nalo lina tabia hiyo hiyo, na ndiyo maana watunga sheria huongeza "au vyote kwa pamoja" wanapotaja faini na kifungo.

Hapa tutazame kiambishi -ka-, ambacho vitabu vya sarufi hukieleza kwa upole kuwa huonyesha mfuatano wa matendo. Ni kweli, lakini sikio la msemaji husikia zaidi ya hayo. "Mvua ilinyesha, mto ukafurika": hapa tendo la kwanza limesababisha la pili. "Mgonjwa alikunywa dawa, akapona": tunasikia sababu tena, ijapokuwa huenda angepona hata asingekunywa. Kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha ni la watu wote duniani, ila lugha yetu imelitengenezea kiti.

Angalia hoja tunayoisikia mara nyingi: mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania, na Kiingereza cha wanafunzi kikashuka. Hiyo -ka- imebeba mzigo wote wa ushahidi. Katika miaka hiyo hiyo yalitokea mengine makubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977; madarasa yalijaa, na walimu wengi walitayarishwa kwa haraka huku wakiwa kazini. Hatusemi kwamba lugha ya kufundishia haikuwa na athari yoyote. Tunasema kwamba anayetaka kulithibitisha hilo aonyeshe ushahidi, asituachie kiambishi.

Asili ya neno nayo huwapotosha wengi. Huambiwa kwamba Kiswahili si cha Kibantu kwa kuwa kina maneno mengi ya Kiarabu. Lakini neno kitabu lilipofika pwani lilitiwa katika ngeli, likazaa vitabu, na ujamaa wa lugha hutazamwa katika sarufi ya namna hiyo kuliko katika hesabu ya maneno yaliyokopwa. Hata wapenzi wa Kiswahili hulitenda kosa hili kwa upande wa pili, wanapokataa istilahi kwa sababu tu mzizi wake ni wa kigeni. Serikali ni neno la Kiajemi na meza ni la Kireno, wala hatujaona aliyeshindwa kulitumikia la kwanza au kulia chakula juu ya la pili. (Mantiki yenyewe hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunena. Ingetufaa sana kulitumia hilo kama ushahidi wa makala haya, lakini tumekwisha jizuia.)

Methali tuzipitie upesi. Akitaka jambo lingoje, mtu husema haraka haraka haina baraka. Akitaka liishe leo, husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili ni pambo la hoja. Hakuna iliyo ushahidi.

Kasoro ya kumshambulia msemaji badala ya kuijibu hoja yake huhitaji uangalifu zaidi. Kauli ya "huyu si mzaliwa wa pwani" ina uzito pale tunapouliza neno fulani hutumikaje Lamu au Unguja, kwa maana hapo tunatafuta shahidi. Haina uzito wowote pale tunapopima kama istilahi iliyopendekezwa inaeleza dhana kwa ukamilifu.

Iko moja iliyosalia. Kiswahili, husemwa, hakifai kufundishia sayansi katika shule za sekondari kwa kuwa hakina istilahi. Na ikiulizwa kwa nini hakina istilahi, jibu ni kwamba hakifundishii sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na hoja hii iliendelea kuzunguka kana kwamba kamusi hiyo haikuchapishwa. Jina tunalopendekeza kwa hoja ya aina hii ni "hoja duara". Wako wanaosema "hoja ya mzunguko", nao hawajakosea. Ila mzunguko tayari una kazi ya damu, ya fedha na ya magari barabarani.