Mrudishieni Mgonjwa Chai Yake

Jumatatu niliulizwa mara tatu kabla ya saa sita mchana: "Daktari, tukimwachisha sukari kabisa, si huo uvimbe utakufa njaa?" Aliyeuliza mara ya tatu ni binti aliyemleta mama yake mwenye saratani ya titi. Mama alikuwa amebana sketi kiunoni kwa pini mbili. Kadi yake ilisema kilo 61 mwezi wa tatu. Mzani wangu ukasema 52, na dripu ya kwanza hajaiona. Kilichomkondesha si uvimbe wa sentimita tatu. Ni watoto wanaompenda, waliomnyima ugali, uji, ndizi, maembe na chai, wakamwachia mchicha wa kuchemsha na maji ya majani ya mstafeli.

Nalijibu swali hili hapa ili nisiulizwe tena. Nitaulizwa, najua.

Ujumbe unaozunguka kwenye simu huja na jina kubwa: Otto Warburg, Mjerumani, eti alipewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba saratani huishi kwa sukari. Ni kweli kwamba miaka ya 1920 Warburg aliona seli za saratani zikinyonya glukosi kwa pupa na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo tele. Tuzo ya mwaka 1931 alipewa kwa kazi nyingine, ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Lakini tuzo si hoja. Hoja ni pupa hiyo inatoka wapi.

Kwanza hesabu. Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, ina gramu 4 au 5 za glukosi: kijiko kimoja cha chai. Mwili hukilinda kijiko hicho kwa wivu, maana ubongo hauna subira. Usipokula, ini hutoa akiba yake, ambayo haifiki mbali, kisha huanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini ya misuli. Kwa hiyo mama akinyimwa uji, damu yake haikaukiwi na sukari. Uvimbe unaendelea kuchota kwenye kijiko kilekile, na kinachokijaza ni nyama ya mapaja yake. Mliyemfungisha ni yeye, si uvimbe.

Sasa geuzeni jaribio. Chukua seli zisizo na saratani, ziweke kwenye sahani ya maabara yenye glukosi ya kumwaga, kisha ondoa kitu kimoja tu: vichocheo vya ukuaji, yaani protini ambazo seli hupelekeana kama salamu. Seli huacha kuila sukari iliyozizunguka, husinyaa, na mwisho hujiua. Zinakufa katikati ya karamu. Seli ya mwili haiishi kwa kuwa imeshiba. Inaishi kwa kuwa kila saa kuna jirani anayeiambia iendelee kuishi. (Kama lazima msambaze Nobel kwenye simu, sambazeni ya mwaka 1986, ya Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini, waliovigundua vichocheo hivyo.)

Salamu hiyo hupokelewa mlangoni. Kichocheo hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wa seli, na ndani huitikiwa karibu. Habari hupokezanwa hadi kwa protini iitwayo AKT. Huyu AKT hufanya mambo mawili kwa mkupuo: hupandisha milango ya glukosi juu ya utando, na huzifunga mikono protini ambazo kazi yake ni kuiamuru seli ijiue. Pupa ya sukari na ukaidi wa kutokufa vina bwana mmoja. Ninyi mnapigana na sahani.

Seli ya saratani imeharibu mlango. Mfano ninaoushughulikia kila wiki ni kipokezi cha HER2, ambacho hata kikiwa kizima hakina hodi yake inayojulikana ya kuingojea. Katika wagonjwa 15 hadi 20 hivi kati ya 100 wa saratani ya titi, jeni yake imejirudufu, na vipokezi vimesongamana hadi vinagusana na kuwashana vyenyewe. Karibu inaitikiwa usiku kucha, na mlangoni hakuna mtu. Chini ya hadubini, kipande kikishatiwa rangi, unaona mstari wa kahawia umeizunguka kila seli, wavu mtupu wa banda la kuku. Mstafeli hauugusi wavu huo.

Kuna dawa inayougusa. Trastuzumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na zipo dawa mfanano za bei nafuu zaidi. Kwa hiyo haraka haraka: kinyama kikikatwa, kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, si kwenye chupa ya maji. Dai vipimo vya vipokezi vyote vitatu: estrojeni, projesteroni na HER2. Kwa HER2, jibu la 3+ ni ndiyo. La 2+ ni nusu jibu, kuna kipimo cha pili. Moyo upimwe kwa eko kabla ya kuanza, kisha kila miezi mitatu. Dripu ni kila wiki tatu, kwa kawaida mwaka mzima. Vipokezi vya estrojeni vikiwepo, kuna vidonge. Mwenye kisukari aendelee na masharti yake, na soda haina faida kwa yeyote. Hayo ni mambo mengine.

Majibu ya mama yule ni 3+. Nimeisogeza dripu ya kwanza kwa wiki mbili ili nguvu zirudi. Ametoka na karatasi yangu: uji wa maziwa na karanga, mara mbili kwa siku, sukari atie mwenyewe.