Trakta ya kizamani bado iko na kazi

Wandugu wanachama, kila msimu A ukikaribia, swali linarudi katika mikutano ya kooperative za uwanda wa Ruzizi: tukichanga feza, tununue trakta mpya yenye vyombo vya elektroniki, ama ya kizamani kama Massey Ferguson 135? Sisi waagronomu tunajibu: ya kizamani, lakini ichunguzwe kwanza.

Trakta hiyo ilianza kuundwa mwaka 1964, kule Uingereza. Moteri yake ni Perkins ya mazutu, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi karibu 45. Ndani hamna kompyuta. Fundi wa gari mwenye funguo zake anaweza kuifungua chini ya mwembe. Viwanda vya India na Pakistani viliendelea kuunda trakta za ukoo huo, ndiyo maana piesi bado zinapatikana. Ile mpya ikigoma kwa sababu ya kawaya kadogo, italala mpaka mwenye mashine ya kusoma makosa afike. Mvua haitamungoja.

Jembe linafungwa nyuma kwa mikono mitatu, ufundi wa Harry Ferguson. Uzito wa jembe unakandamiza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trakta nyepesi inalima bila kuteleza sana.

Sasa tuhesabu. Jembe la disiki 2 linakata karibu sentimita 50. Kwa mwendo wa kilometa 4 kwa saa, pamoja na kugeuka, hekta moja inakula saa 6 ao 7. Kooperative ya hekta 30 iko na kazi ya karibu mwezi mzima, kama hakuna kuharibika. Wa mwisho kwenye mstari atapanda mahindi kwa kuchelewa, na hapo ndipo ugomvi unaanzia. Mstari uandikwe mbele trakta haijafika. Wa mwisho leo awe wa kwanza msimu ujao.

Siku ya kununua, fikeni asubuhi, moteri ikiwa baridi. Mukikuta muuzaji ameisha kuipasha moto, muulizeni sababu. Moshi wa buluu usiokwisha unaonyesha kwamba moteri inakula mafuta yake. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiliwa na maji. Inueni jembe na kuliacha juu, moteri ikizunguka: likitikisika juu na chini, idroliki imechoka.

Wandugu wa milimani watusamehe, trakta hii si ya miteremko yao. Nyingi hazina chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Hata kwenye uwanda, musifunge mnyororo wa kuvuta kisiki juu ya ekseli ya nyuma: pua inaweza kuinuka na trakta ikamuangukia dereva.

Na bei ya kulimiwa hekta isihesabu mazutu tu. Ndani yake kuwe mshahara wa dereva, mafuta ya moteri, filtri, na sehemu ya piesi inayowekwa katika kasha lake, mbali na feza ya mbegu.