Mpira Wenye Njuga

Wiki ya tatu ya Desemba, barabara inayounganisha Busia ya Kenya na Busia ya Uganda haipitiki kirahisi. Malori yamejipanga kusubiri zamu kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Kandokando wachuuzi wametandaza bidhaa za sikukuu: gauni za lesi, miwani ya plastiki ya kila rangi, saa za mkononi zisizotembea, baluni, na simu za kuchezea zinazoimba wimbo uleule kila kitufe kinapobonyezwa. Mama anayewanunulia wanawe watatu huchagua kwa dakika chache. Akimfikia wa nne, asiyeona au asiyeweza kuketi bila kushikwa, husita. Mara nyingi mtoto huyo huishia kununuliwa nguo tu.

Nguo ya Krismasi si zawadi ya kudharauliwa. Busia na Tororo, jirani yake upande wa Uganda, kuingia kanisani na gauni la mwaka jana ni aibu ambayo mtoto haisahau upesi. Lakini mtoto anayepewa nguo peke yake, huku ndugu zake wamepewa nguo na kitu cha kuchezea, ameshaambiwa bila maneno kwamba mchezo haumhusu. Na kwake mchezo una kazi kubwa kuliko kwa wenzake, kwa sababu ndipo mkono unapofunguka na sauti inapojaribiwa.

Wapi pa kuanzia? Wazazi wengi huanza na jina la hali ya mtoto: usonji, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili. Jina hilo linamsaidia daktari na mwalimu wa kituo cha tathmini, vile vituo ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Sokoni halisaidii sana. Watoto wawili wenye usonji waweza kutofautiana kabisa: mmoja anatafuta kelele, mwingine anaziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa. Swali linalofaa zaidi ni hili: akiachwa peke yake, anafanya nini? Anayezungusha vifuniko vya sufuria ameshasema anachopenda, na pia yule anayefuata mwanga ukutani au anayegonga jerikani hadi majirani walalamike. Zawadi iendeleze jambo hilo hatua moja mbele.

Katika eneo hili swali hilo lina uzito wake. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ukachapishwa mwaka 2017 na Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Malaria nayo ina sehemu yake. Tororo inajulikana na watafiti wa ugonjwa huo kwa wingi wa maambukizi, na uchunguzi wa watoto waliougua malaria ya ubongo na kutibiwa Kampala, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba takriban robo yao walikuwa bado na matatizo ya kufikiri, kukumbuka au kuwa makini miaka miwili baadaye. Mtoto aliyekuwa akikimbia kabla ya homa anarudi nyumbani akiwa mwingine, na wazazi wanaendelea kumnunulia vitu vya yule wa zamani.

Kwa mtoto ambaye misuli inakaza, tatizo la kwanza ni kushika. Kalamu za rangi zinazouzwa dukani ni nyembamba mno kwa kidole kisichotii. Ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli ukizungushiwa kalamu mara kadhaa unaifanya nene, tena haitelezi, na mafundi wa baiskeli wako kila kona ya mpaka huu ulioipa Afrika Mashariki bodaboda. Kipande kingine cha tyubu kikitandikwa chini ya sahani au kigari, vitu havikimbii mezani. Tatizo la pili ni kuketi. Bevill Packer, mwalimu wa Zimbabwe, alieneza ufundi wa kutengeneza viti kwa karatasi na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, na viti hivyo vimewasaidia watoto wengi wenye mtindio wa ubongo kuketi wima. Busia haiwezi kukosa maboksi. Mtoto aliyeegemezwa vizuri ana mikono miwili huru, na hapo hata kopo na kijiko vinakuwa mchezo.

Kuhusu magurudumu, mji huu una historia ya kujivunia. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika mwaka 2007 kuhusu watu wenye ulemavu wa miguu waliojipatia riziki Busia kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wakajenga nyumba, wakaoa, wakasomesha. Kwa hiyo mtoto wa Busia asiyetembea amekwisha kuona mtu mzima anayefanana naye akifanya kazi katikati ya barabara, jambo ambalo watoto wengi wa miji mingine hawajaliona. Kigari cha mtoto kilicholehemiwa na fundi wa mtaani ni zawadi ghali, ya kuchangiwa na ukoo mzima, ila kinadumu na kinatengenezeka hapohapo kikiharibika. Anayeagiza kifaa kutoka nje akumbuke kwamba Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Inafaa kuuliza kabla ya kulipa.

Sasa mpira. Mtoto asiyeona akinunuliwa mpira wa kawaida, ataucheza mara moja, ubingirike usikojulikana, basi. Njia rahisi ni kuuvisha mfuko mwepesi wa plastiki unaochakarisha. Tororo mfuko huo, kavera, haujaadimika. Kenya umepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4, na anayevuka nao ataupoteza. Kwa hiyo njuga ni bora, zilezile zinazofungwa miguuni mwa wachezaji ngoma. Mtengenezaji hukaza matambara na vipande vya godoro kuukuu hadi yawe duara, kisha hushona njuga nne au tano karibu na juu, kila upande moja, kabla ya kuzungushia kitambaa cha mwisho na kamba. Zikiwekwa katikati kabisa sauti humezwa na matambara. Ikishonwa moja tu, kuna upande ambao mpira utaviringika kimya.

Hata hivyo mpira uliosimama haulii. Ndiyo maana goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa askari waliopoteza macho vitani, hutaka mpira uviringishwe chini na watazamaji wanyamaze. Anayeleta mpira wa njuga nyumbani awafundishe na ndugu: wauviringishe, waseme jina la wanayempasia, na wapige kofi pale goli lilipo. Watoto hujifunza haya kwa mchana mmoja, na wengi huishia kujifunga leso machoni ili nao waonje.

Kwa herufi, mzazi atafute trei ya mayai. Nukta nundu hujengwa kwa nafasi 6, safu 2 za nafasi 3, na trei ya mayai 30 hukatika vipande 5 vya ukubwa huo. Kokwa moja katika shimo la juu kushoto ni A. Kokwa mbili, la juu na la kati upande huohuo wa kushoto, ni B. Kwa herufi hizo mbili pekee, na vipande vinne vilivyopangwa mstari, mtoto ameandika “baba”, na baba mwenyewe ameketi hapo akipapasa mashimo. Kampuni ya LEGO ilitoa matofali yenye nukta nundu mwaka 2020, na ni mazuri sana, lakini mtoto wa Tororo hana sababu ya kuyangoja.

Bao nalo lisisahauliwe. Omweso, bao la Uganda, una mashimo 32 na kete 64. Kila kitu kinapapasika na kila hatua inahesabika. Mtoto asiyeona anaucheza na mwenye kuona bila kupendelewa. Mwenye ulemavu wa akili anaweza kuanza na kazi moja tu, kudondosha kete moja kila shimo, na hiyo yenyewe ni hesabu.

Mtoto kiziwi ana likizo ya namna yake. Shule ya viziwi ya Mumias, si mbali na Busia, ilianzishwa mwaka 1961, na watoto wengi viziwi husomea bweni katika shule za aina hiyo. Shuleni wanazungumza kutwa. Wakirudi nyumbani Desemba, nyumba imejaa jamaa, na pengine hakuna hata mmoja anayejua ishara zaidi ya “kula” na “njoo”. Mpakani kuna tatizo la ziada: Lugha ya Ishara ya Kenya na ile ya Uganda ni lugha mbili, hata zikichangia ishara kadhaa, hivyo binamu wawili viziwi, wa Malaba ya Kenya na wa Tororo, huanza kwa kutafutana. Drafti, karata na kamba ya kuruka huwaweka sawa na wengine mara moja. Ila zawadi ambayo mtoto huyu ataitambua kuliko zote ni bibi au kaka aliyejifunza ishara ishirini kabla shule haijafungwa.

Kuna vitu ambavyo havifai kununuliwa, na hapa hapana haja ya upole. Umri ulioandikwa kwenye pakiti hupimwa kwa mtoto wa kawaida. Mwenye miaka tisa ambaye bado anatia kila kitu mdomoni achaguliwe kama wa mwaka mmoja: kitu kinachopenya kwenye bomba la ndani la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba, na vipande vya baluni iliyopasuka ni hatari zaidi. Simu zile zinazoimba mara nyingi huwa na betri ndogo bapa za duara. Ikimezwa, betri hiyo huweza kuunguza koo kwa saa mbili tu. Kama mfuniko wa betri haufungwi kwa skrubu, simu irudishwe. Miwani ya sikukuu isiyochuja miale ya jua inamdhuru mtoto mwenye ualbino, maana giza la kioo hupanua mboni na miale ikaingia zaidi. Kofia yenye ukingo mpana ni nafuu na inamfaa kweli.

Tororo na Busia ya Uganda zimewahi kuwa uwanja wa utafiti juu ya malezi yasiyotegemea vitu vya kununua. Watafiti Michael Boivin, Judith Bass na wenzao wa Uganda waliwafunza kwa mwaka mzima walezi wa watoto wadogo walioguswa na VVU, kwa mbinu ya mwanasaikolojia Pnina Klein wa Israel. Hawakuletewa sanduku la vifaa. Walifundishwa kutumia kazi za kila siku, kama vile kuosha vyombo au kuchambua maharage: mvute mtoto aangalie, onyesha furaha, taja jina la kitu, ongeza swali, msifu ukimweleza alichofanya vema, msaidie apange hatua. Malezi ya nyumbani yalibadilika. Hivyo simu ya kuchezea inayoachwa mikononi mwa mtoto ili anyamaze haitamfikisha mbali, hata ingekuwa ya bei gani, na kopo la maharage lenye shangazi kando yake litamfikisha.

Shule zikifunguliwa, mzazi aandike katika daftari la mtoto kile alichokicheza na namna alivyokicheza: kwamba alifungua kizibo kwa mkono wa kushoto, kwamba alingoja zamu yake kwenye bao, kwamba kelele za mkesha zilimshinda. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hapati habari hizo kwingine, na huanza muhula akijua ashike wapi.